Injini ya ndege ya mbao ya viti viwili: ya gari, Volkswagen, au O-200 iliyotumika?

MjenziWaMbao

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimefika mahali ambapo siwezi tena kuahirisha uamuzi kuhusu injini. Kiunzi cha ndege yangu kimekamilika. Ni ndege ya mbao, ya viti viwili vilivyo ubavu kwa ubavu, yenye gurudumu la mkiani. Bawa moja limekwisha kuvikwa kitambaa, na kazi yote iliyobaki mbele ya chumba cha rubani inasubiri nijue ni mtambo gani utakaofungwa pale. Mchoro ulibuniwa kwa injini za Continental za nguvu farasi 65 hadi 100, propela ya kipenyo cha mita 1.73, na uzito wa ndege tupu wa kilo 335.

Mbele yangu kuna njia tatu. Ya kwanza ni injini ya gari ambayo tayari ninayo: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,300, hupozwa kwa maji, na hutoa nguvu farasi 85 katika mizunguko 6,000 kwa dakika. Nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu mara mbili na ninaifahamu bolti kwa bolti. Ya pili ni Volkswagen ya kupozwa kwa hewa iliyopanuliwa hadi ujazo wa 2,180, ambayo propela yake hufungwa moja kwa moja kwenye krankishafti, yaani mhimili mkuu wa injini. Ya tatu ni Continental O-200 iliyotumika, ambayo ni injini ya ndege. Muuzaji anasema imefanya kazi saa 900 tangu ukarabati mkuu, lakini pia anakiri kwamba imelala miaka mingi bila kuwashwa.

Moyo wangu uko kwenye injini ya gari, kwa kuwa magari huenda kilomita laki mbili bila kufunguliwa, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Je, ipo sababu ya kiufundi ya kuniepusha na njia hiyo, au ni mazoea tu ya watu wasioamini chuma kisichotoka kwenye kiwanda cha ndege?

FundiMitambo

Ndugu MjenziWaMbao, swali lako ni la haki na linastahili hesabu, kwa hiyo tuanze na propela kabla ya kuigusa injini yenyewe. Ncha ya propela ya mita 1.73 husafiri karibu mita 5.4 katika kila mzunguko. Ukiizungusha kwa kasi ile ambayo injini yako inatoa nguvu farasi 85, yaani mizunguko 6,000 kwa dakika au 100 kwa sekunde, ncha itakata hewa kwa mita 543 kwa sekunde, ilhali sauti yenyewe husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Hakuna propela ya mbao inayoweza kufanya kazi ya maana katika hali hiyo. Ncha inapoikaribia kasi ya sauti, nguvu huishia kwenye kelele na ukinzani badala ya msukumo, na ndiyo maana wabunifu hujitahidi isizidi takribani asilimia 80 ya kasi hiyo. Ukisema basi utaifunga propela moja kwa moja na kuizuia injini isivuke mizunguko 3,000, ncha itakuwa salama, lakini injini yako haitakuwa tena ya nguvu farasi 85. Itatoa takribani nusu yake, na kwa nguvu farasi 45 sikushauri ujaribu kuruka na abiria.

Kwa hiyo injini yako haiwezi kuruka bila kifaa cha kupunguza mizunguko, kiwe cha gia au cha mkanda. Hapo ndipo penye tatizo ambalo wengi hawalioni kwa sababu halionekani kwenye gari. Injini ya silinda nne yenye mapigo manne haisukumi krankishafti kwa ulaini. Huipiga mara mbili katika kila mzunguko, kama mtu anayetwanga. Propela nayo, kwa uzito wake uliotawanyika mbali na kitovu, ni kitu kisichopenda kubadili mwendo. Kati ya mtwangaji huyo na propela pana mihimili, meno ya gia au mkanda, vyote vyenye unyumbufu wake, na ipo kasi fulani ambayo mapigo hukubaliana na mtetemo wa asili wa mfumo mzima. Injini ikikaa kwenye kasi hiyo, msokoto unaopita kwenye mhimili huweza kuwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa wastani, na chuma huchoka na kukatika bila dalili yoyote kwenye saa za chumba cha rubani. Kwenye gari kazi ya kuutuliza mtetemo huo hufanywa na klachi yenye springi, mihimili mirefu na matairi ya mpira, ambavyo kwenye ndege havipo.

Hii haimaanishi kwamba tatizo hili halina dawa. Injini ya ndege ya Rotax 912 ULS hutoa nguvu farasi 100 katika mizunguko 5,800, na giaboksi yake ya uwiano wa 2.43 huishusha propela hadi karibu 2,390. Lakini ndani ya giaboksi hiyo kuna meno yenye miteremko yanayosukumana dhidi ya springi za sahani ili kumeza mapigo hayo, na mtengenezaji ameweka kikomo cha ukinzani wa mzunguko wa propela unayoruhusiwa kufunga. Kiwanda kilifanya vipimo vya miaka ili kuyajua hayo. Wewe ukijichongea puli na mkanda, vipimo hivyo utavifanya angani, ukiwa umekaa nyuma yake.

Nikuongezee jambo moja kwa sababu hupotosha watu. Utasikia kwamba Bernard Pietenpol alirusha ndege yake mwaka 1929 kwa injini ya gari la Ford Model A, na ni kweli. Ila injini ile ilikuwa na ujazo wa lita 3.3 na ilitoa nguvu farasi 40 katika mizunguko 2,200 tu. Ilikuwa injini ya gari yenye tabia ya injini ya ndege. O-200 nayo ina ujazo uleule wa lita 3.3, hutoa nguvu farasi 100 katika mizunguko 2,750, na kufanana huko si bahati nasibu: anayetaka kuzungusha propela kubwa polepole bila gia hana budi kuwa na silinda kubwa. Magari ya leo yamekwenda njia nyingine kabisa.

RubaniMstaafu

Kijana wangu, nakupongeza kwa kufika hapo ulipofika, maana wengi huanza na wachache huvika kitambaa. Mimi nakushauri O-200, kwa sharti kwamba usinunue maneno ya muuzaji. "Saa 900 tu" ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ile miaka ya kulala, na kwa injini ya ndege miaka ya kulala huumiza kuliko saa za kazi. Oili huchuruzika kutoka kwenye vyuma, unyevu hukaa, na kutu huota kwenye kuta za silinda na kwenye vibonge vya kemshafti, mhimili unaofungua vali. Una afadhali kidogo kwa kuwa kemshafti ya O-200 iko chini ya krankishafti, karibu na oili, tofauti na injini za ndege za Lycoming ambazo yake iko juu na hukauka upesi.

Dai kitabu cha kumbukumbu za injini na usome ukurasa kwa ukurasa ukitafuta kama propela yake iliwahi kugonga ardhi, kwa maana injini iliyopata pigo hilo inapaswa kufunguliwa yote na krankishafti yake kukaguliwa ufa. Kisha fanya kipimo cha uvujaji wa silinda. Unaleta pistoni juu kabisa katika pigo la kubana, unaingiza hewa ya shinikizo la paundi 80 kwa inchi ya mraba kupitia tundu la plagi, na geji ya pili inakuonyesha silinda inashikilia kiasi gani. Mtu wa pili aishike propela kwa nguvu zote, kwa kuwa hewa hiyo inaweza kuizungusha ghafla na kumvunja mkono. Halafu tumia masikio: mlio ukisikika kwenye bomba la moshi, vali ya kutolea moshi inavuja; ukisikika kwenye tundu la kujazia oili, tatizo ni ringi; ukisikika kwenye kabureta, ni vali ya kuingizia.

Kuhusu Volkswagen, sitaki kuwavunja moyo wanaoitumia, lakini nimeshuhudia krankishafti yake ikiwa imekatika nyuma tu ya kitovu cha propela, na tangu siku hiyo sijawahi kupanda ndege yenye injini hiyo.

MjenziWaMbao

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. FundiMitambo, nimekaa na karatasi usiku kucha nikirudia hesabu zako, na nimekubali: injini ya gari itabaki kwenye stendi yake. Sasa nimebaki na mbili. Volkswagen ni mpya, nami nitaijua tangu siku ya kwanza; O-200 ni ya ndege halisi lakini siijui imepitia nini. Je, Volkswagen itatosha kwa ndege hii? Pia, tangi langu liko mbele ya miguu ya rubani na mafuta yatateremka yenyewe bila pampu, kama mchoro unavyoagiza. Kuna la kuangalia hapo?

SeremalaWaAnga

Nimeruka na Volkswagen ya 2,180 kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitaisemea, na mzee aniwie radhi nikitofautiana naye kidogo. Krankishafti zilizokuwa zikikatika kwa kawaida zilikuwa za zamani, zilizofungwa kitovu cha propela bila beringi ya ziada, au zilizobebeshwa propela nzito ya chuma. Ndege inapogeuza pua ghafla, propela inayozunguka hukataa kugeuka na huukunja mhimili. Kadiri propela inavyokuwa nzito na kitovu kinavyokuwa mbali na beringi, ndivyo mkunjo unavyozidi. Krankishafti ya chuma kilichofuliwa, kitovu kilichobanwa kwa joto na propela ya mbao hupunguza hatari hiyo sana. Propela ya mbao ina sharti lake: mbao hunywea katika ukavu na kuvimba katika unyevu, hivyo bolti zake zinapaswa kukaguliwa kwa spana ya torki kila majira yanapobadilika, na si kukazwa mara moja na kusahauliwa.

Hata hivyo, kwa ndege yako mahususi sikushauri Volkswagen, na sababu si kukatika kwa krankishafti. Nguvu farasi 75 za Volkswagen hupatikana karibu na mizunguko 3,300, na kasi hiyo inakulazimisha kutumia propela fupi ya takribani mita 1.37. Eneo linalofagiwa na propela hiyo ni asilimia 63 tu ya lile la propela ya mita 1.73. Kwa nadharia ya kawaida ya propela, nguvu ileile ikipitishwa kwenye eneo dogo kiasi hicho, msukumo ndege ikiwa imesimama hupungua kwa karibu sehemu moja ya saba, na hapo bado hatujahesabu kwamba boneti pana ya ndege ya viti viwili inaificha sehemu kubwa ya propela fupi. Kwenye ndege nyembamba yenye mwendo wa kasi upungufu huo hausumbui sana. Kwenye ndege yako, yenye watu wawili na mwendo mdogo wa kupaa, utauona kila siku ya joto. Halafu rubani anayeona haipai huzidi kuinua pua, hewa ya kupoza hupungua, na vichwa vya silinda hupata moto wakati hasa vinapofanya kazi kubwa zaidi. Kwa injini hii, vali ya kutolea moshi ndiyo inayolipa deni hilo. Mbunifu wa ndege Burt Rutan mwenyewe alirusha ndege yake ya VariEze ya kwanza mwaka 1975 kwa Volkswagen, kisha akahamia O-200, na ndege ile ilikuwa nyepesi kuliko yako.

Sasa kuhusu mafuta, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote, kwa kuwa injini yoyote utakayochagua itasimama ikikosa mafuta, na njia ya mafuta utakuwa umeijenga wewe. Mfumo unaoteremsha mafuta kwa uzito wake tu unapaswa kutoa asilimia 150 ya mafuta yanayotumiwa wakati wa kuruka kwa nguvu zote. Wenye pampu, asilimia 125. Injini ya nguvu farasi 75 hunywa takribani lita 24 kwa saa ikiwa imefunguliwa yote, kwa hiyo unahitaji lita 36 kwa saa, yaani chombo cha lita moja kijae ndani ya sekunde 100. Kwa O-200 kiwango hupanda kulingana na nguvu.

Kipimo hicho hakifanywi ndege ikiwa imekaa kawaida kwenye sakafu. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikapata lita 50 kwa saa na kufurahi. Rafiki yangu aliyekuwa akitazama aliniuliza kama nakusudia kuruka na pua ikiwa chini hivyo. Tulichimba shimo, tukateremsha gurudumu la mkia ndani yake mpaka pua ikazidi kidogo pembe kubwa kabisa ya kupaa, tukapunguza mafuta hadi yakabaki kiasi kile kidogo kabisa ambacho ningeweza kurukia, kisha nikauchomoa mpira kwenye kabureta na kuuingiza kwenye chupa. Mafuta yalianza vizuri, yakawa uzi, kisha matone. Nilipopiga hesabu nilipata lita 19 kwa saa, chini hata ya zile 24 ambazo injini ingedai. Ningeacha ardhi kwa mafuta yaliyokwisha kujaa kwenye bakuli la kabureta, na injini ingezimika juu ya miti.

Kosa lilikuwa katika mambo mawili madogo. Mpira wangu ulipanda kidogo kabla ya kushuka, nao katika pembe ile ukawa na kilima chenye povu la hewa. Na nilikuwa nimetumia kiungo cha kona ya nyuzi 90 ambacho tundu lake la ndani lilikuwa jembamba kuliko la mpira wenyewe. Niliyarekebisha yote mawili, nikaongeza pia tundu la hewa la tangi, nikaligeuza litazame mbele ili upepo wa mwendo usaidie kusukuma mafuta badala ya kuyanyonya. Baada ya hapo, katika pembe ileile na mafuta machache yaleyale, chupa ya lita moja ilijaa kwa sekunde 81.

Ukitumia petroli ya magari, pima pia kama ina alkoholi. Chukua chupa nyembamba ya kioo, weka maji hadi alama uliyoichora, jaza petroli juu yake, tikisa na uache itulie. Mstari wa maji ukionekana umepanda kupita alama, maji hayakuongezeka. Yamechukua alkoholi iliyokuwa ndani ya petroli, na alkoholi hiyo huweza kulainisha gundi za matangi na mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake.

FundiMitambo

Nakubaliana na SeremalaWaAnga, nami naongeza suala la uzito ambalo halijaguswa. Ukibadilisha injini kwa nyingine yenye uzito wa kilo 15 zaidi, ikiwa mita 1.2 mbele ya kitovu cha uzito, kitovu hicho kitasogea mbele takribani sentimita 5. Kama mchoro wako unaruhusu nafasi ya sentimita 15, umekwisha kula theluthi yake kabla rubani hajakaa. Pima injini ikiwa na vikorombwezo vyake vyote, ikiwemo betri, stata, kipoza oili na mabomba ya moshi, kwa kuwa uzito unaoandikwa kwenye matangazo mara nyingi ni wa injini iliyovuliwa.

Ukichukua O-200, usipunguze chochote kwenye mfumo wa kupasha joto hewa ya kabureta. Kabureta yake imening'inia chini na mabomba ya kuingizia hewa hayapiti kwenye oili ya moto kama kwenye Lycoming nyingi, hivyo hushika barafu kwa urahisi hata siku ambayo wewe umevaa shati la mikono mifupi. Petroli inapogeuka mvuke huchukua joto, na ndani ya koo la kabureta halijoto huweza kushuka zaidi ya nyuzi 20. Hewa yenye unyevu haihitaji zaidi ya hapo.

MjenziWaMbao

Ndugu zangu, nimerudi kutoka kuikagua ile O-200. Kitabu chake kipo na hakina kumbukumbu ya propela kugonga ardhi. Tulipima mzunguko wa flanji ya krankishafti kwa saa ya kupimia unyofu, na sindano haikucheza kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kipimo cha uvujaji kilitoa 74, 72 na 75 kwa silinda tatu, lakini ya nne ilishikilia 58 tu, na mlio ulisikika wazi kwenye bomba la moshi. Muuzaji anasema ikipata moto itajiweka sawa. Mzee, nimwamini?

RubaniMstaafu

Marahaba, kijana wangu. Yawezekana anasema kweli, kwa sababu vali iliyokaa miaka ikiwa wazi hupata kutu kwenye kiti chake, na kipimo hicho kwa desturi hufanywa injini ikiwa na joto. Lakini usiiwashe ili kuthibitisha, kwa maana kama kuna kutu kwenye kemshafti, dakika kumi za kwanza zitaikwangua na kuusambaza unga wake katika kila beringi. Mwombe muuzaji akuruhusu kuitoa silinda hiyo moja, kwa gharama yako. Vali utaipeleka ikasagwe na kupimwa. Na silinda ikiwa nje, ingiza taa na kioo kidogo kupitia tundu lake utazame vibonge vya kemshafti huku mwenzako akizungusha krankishafti taratibu. Ukiona vinang'aa bila vijishimo, lipa. Ukiona vijishimo, bei aliyokutajia ni ya injini inayohitaji ukarabati mkuu, na muuzaji akikataa silinda isitolewe, rudi nyumbani na geji zako.

MjenziWaMbao

Amekubali. Tunaitoa silinda Jumamosi asubuhi, na wakati huohuo nimeanza kuchimba shimo la gurudumu la mkia.